Daftari la Maribeth

Nilipoolewa na Loren Kucera, mke wake wa kwanza alikuwa na miezi mitano kaburini, na bado yeye ndiye aliyeamua tule nini Jumanne.

Sisemi kwa mafumbo. Maribeth alipoambiwa na madaktari kwamba hatavuka majira ya baridi, hakulia mbele ya mtu. Aliagiza daftari jipya la mipango, lile kubwa la pete ambalo karatasi zake hutoka na kurudi, akakaa kwenye kiti cha kuegemea sebuleni, blanketi miguuni, akaanza kuujaza mwaka wa masomo ambao hangeuona. Agosti mpaka Mei. Amos hesabu, ukurasa fulani. Phoebe herufi za kuunganisha. Tirzah historia na Kilatini. Nani afue lini, nani alishe kuku, chakula cha jioni, siku ya kunyoa nywele, siku ya kubadili chujio la tanuri la joto. Aliandika hivyo miezi minne, wiki baada ya wiki, na Machi alipokufa kazi ilikuwa imekwisha.

Kwetu Pell Creek, Nebraska, nusu ya watoto wa kanisani husomeshwa nyumbani na mama zao, na kila mama ana daftari lake. Lakini la Maribeth lilikuwa na sifa. Wanawake wa kundi la Jumatatu, wanaokutana chumba cha chini cha kanisa ili watoto wafanye sayansi pamoja, walilipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kichanga cha mwenzake. Baada ya msiba wakaliita "wasia".

Mimi nilikuwa karani wa posta. Miaka kumi na tisa nilisimama nyuma ya dirisha lile moja, nikipanga barua za wilaya nzima. Loren alikuja kuzuia majarida ya marehemu yasiendelee kumjia. Alirudi wiki iliyofuata kununua stempu ambazo hakuzihitaji. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sikuwahi kuolewa, na mtu mpole mwenye kofia mkononi alitosha. Sikujiuliza sana anatafuta nini. Alikuwa anatafuta mtu wa kulifuata daftari.

"Alituachia ili tusipotee," aliniambia asubuhi ya kwanza, akiliweka mezani mbele yangu. "Wewe fuata tu, Gwen. Hutakosea."

Tirzah, mkubwa wao, alikuwa amesimama mlangoni. Miaka kumi na minne, mrefu, nywele nyekundu za mama yake zimesukwa mkia mmoja.

"Mimi ndiye ninayelisoma," alisema. "Mama alisema mimi."

"Alisema hivyo kweli," Loren akasema.

Basi ikawa kila asubuhi, maziwa yakiwa mezani, Tirzah anafungua daftari na kusoma kwa sauti ya mtu anayetangaza kanisani. "'Jumatatu. Amos, kugawanya kwa tarakimu mbili. Phoebe, asome kwa sauti dakika kumi, asikatizwe. Chakula cha jioni, mkate wa nyama. Loren asipewe vitunguu vibichi. Vinamuumiza tumbo na hatasema.'" Kisha ananitazama. "Umesikia, Bi Gwen? Hatasema."

Nilikuwa sijui kitu, nakiri. Sikujua kumfundisha mtoto wa miaka sita kusoma. Nilijua kusoma anwani zilizoandikwa na wazee wanaotetemeka. Mkate wangu wa nyama ulipasuka katikati. Amos, mvulana wa miaka kumi mwenye pumu na huruma, aliula wote na kusema mtamu. Dada yake aliusogeza pembeni kwa uma.

"Hapa hatuchambui barua, Bi Gwen. Huwezi kuandika 'irudi kwa mwenyewe' ukaitoa nje."

Loren alicheka kidogo, kisha akanitazama, akaacha.

Septemba yote nilivumilia. Nilijisemea huyu mtoto ana haki. Miezi mitano ni michache, hata mbwa huomboleza zaidi. Daftari lenyewe sikulichukia. Lilikuwa na mambo ya mtu mwenye akili. "Phoebe akilia bila sababu, mpe unga wa kukanda." Nilimpa, akanyamaza. Hata lile la kusugua mistari ya vigae vya bafuni kwa mswaki kila Ijumaa nililifanya kwa magoti yangu.

Oktoba, daftari likabadilika.

"'Atakayepika,'" Tirzah alisoma asubuhi moja, "'asikae mezani mpaka watoto wamemaliza.'"

Nikasimama na sufuria mkononi. "Soma tena."

Akasoma tena. Akanigeuzia ukurasa. Wino wa buluu, mwandiko ule ule uliolala kulia. Nilimtazama Loren.

"Pengine alimaanisha awahudumie kwanza," alisema, akijikuna shingo. "Maribeth mwenyewe alikuwa hivyo, hakai."

"Kwa hiyo nisimame?"

"Ni mwaka mmoja tu, Gwen. Ikifika Mei limekwisha."

Nikasimama. Nilisimama kando ya jiko, nikiwatazama wanakula, na nikala baridi baada yao. Wiki iliyofuata: picha za ukutani zisiongezwe. Picha yetu ya harusi, moja tu, ndogo, niliishusha mwenyewe. Iliyofuata: bakuli la buluu lisiguswe na mgeni. Kisha: Jumapili, kiti cha mbele cha gari ni cha Tirzah. Nilikwenda kanisani nimekaa nyuma kati ya Amos na Phoebe, magoti yamenifika kidevuni, na wanawake wa kundi la Jumatatu waliniona nikishuka hivyo. Joleen Pratt, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Maribeth, alinishika kiwiko.

"Unajitahidi, mpenzi," alisema. "Wote tunajua si rahisi kuvaa kiatu cha mtu mwenye mguu mkubwa."

Nilianza kumchukia maiti. Nilikuwa nikiosha vyombo nikiongea naye moyoni, maneno ambayo hayasemeki. Mke mwenza aliye hai unaweza kumnunia, unaweza kumpikia majungu kwa jirani. Huyu angejibu nini? Alikuwa amekwisha kusema yote, na kila mtu alimwona mtakatifu.

Jumapili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Tirzah alisoma kwa sauti ya chini kuliko kawaida. "'Alhamisi. Nendeni kwa Bibi Vlasta. Mwanamke atakayekuwepo abaki nyumbani. Hii ni siku ya familia.'"

Phoebe alikuwa anahesabu njegere.

"Kwani Bi Gwen si familia?" Amos akauliza.

"Uliza daftari."

"Loren," nikasema.

Alitazama sahani yake muda mrefu. "Mama yangu ni mzee. Hapendi zogo, na mwaka huu ni wa kwanza bila... Nitakuletea chakula, Gwen."

Walikwenda. Niliwaona kupitia dirishani wakiingia garini, Tirzah mbele, kitambaa kipya shingoni. Nilikula mkate na siagi ya karanga nikiwa nimesimama kando ya jiko, na nilikuwa nimemaliza ndipo nikatambua kwamba nimesimama, ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Hapo nikakaa. Kwenye kiti cha Maribeth, mezani. Nikalivuta daftari, na kwa mara ya kwanza nikalitazama kwa macho ya kazi yangu.

Miaka kumi na tisa. Nilijua mwandiko wa kila mtu wa wilaya ile. Nilijua nani amevunjika mkono, nani ameanza kulewa, nani anamwandikia mume wa nani bila kuweka jina nyuma ya bahasha. Nilimjua Maribeth kwa bahasha zake kabla sijamjua kwa sura. Saba yake aliikata kiunoni kwa kistari, kama bibi zake Wacheki. Na ugonjwa ulivyomla, mkono ulichoka: kurasa za Agosti zilikuwa imara, za Novemba zilikuwa na mtetemo mdogo mwisho wa kila neno, za Machi na Aprili zilikuwa kama zimeandikwa ndani ya gari linalokwenda. "Mwanamke atakayekuwepo abaki nyumbani" ilikuwa imara kama msumari. Na katika "bakuli la buluu, kabati la 7", saba haikuwa na kistari.

Nilihesabu maandishi kumi na saba yasiyo ya mkono wa Maribeth. Yote ya Tirzah. Lile la mswaki, nikiri, lilikuwa la Maribeth mwenyewe.

Ningeweza kumwita Loren jioni ile nikamwonyesha. Mambo yangekwisha kwa mtoto kulia na baba yake kumwadhibu kwa upole wake usio na meno. Watu huniuliza kwa nini sikufanya hivyo, na jibu ninalo: nilifurahi. Miezi miwili nilikuwa nimepigwa na mtu nisiyeweza kumgusa. Sasa nilikuwa na mtu wa kumgusa.

Walirudi saa kumi. Tirzah aliniwekea sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha.

"Nimekufungashia mwenyewe, Bi Gwen."

Ndani ilikuwa shingo ya bata mzinga na vijiti viwili vya figili.

"Asante, Tirzah," nikasema. "Umefanya vizuri sana." Nikaila shingo yote mbele yake, taratibu, mpaka mfupa.

Desemba nzima nilijifunza. Watoto wakiwa kwenye hesabu, mimi nilikuwa chumba cha kufulia, mashine inanguruma, nikiandika nyuma ya bahasha kuukuu: herufi zilizolala kulia, kistari kwenye saba, mtetemo. Mtetemo ndio mgumu. Mtu mzima akiigiza mkono wa mgonjwa hutetemesha kila kitu. Mgonjwa wa kweli huanza neno kwa nguvu na kulimaliza kwa shida. Niliunasa baada ya Krismasi.

Mwisho wa kila mwezi daftari lilikuwa na ukurasa wa maombi. Maribeth alikuwa amezibana kurasa hizo kwa vibanio vya chuma na kuandika juu, "Kati yangu na Bwana". Na Tirzah, yule yule aliyeghushi mengine yote, hakuwahi kuvifungua. Nilijua kwa kutu: kila kibanio kilikuwa kimeacha alama yake mahali pale pale. Kumbe alikuwa na kitu alichokiheshimu. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia.

Asubuhi moja ya Januari nilifungua wa Februari, mwezi wa Tirzah kutimiza miaka kumi na mitano. Maribeth alikuwa ameandika hivi, kwa mkono uliokuwa unaisha:

"Amos, kifua chake. Phoebe, asinisahau, na akinisahau, asijilaumu. Tirzah, huyu ni mimi mwenyewe. Mkaidi, ulimi mkali, na anapenda kuliko anavyoweza kubeba. Atamchukia yeyote atakayekuja. Bwana, mpe atakayekuja subira naye, maana mwanangu huyu akishapenda haachi."

Nilisoma mara mbili. Sitaki mtu aseme sikuelewa. Nilielewa kwamba mwanamke yule, akiwa anakufa, aliniombea mimi kabla hajanijua jina. Nikaitoa karatasi ile kwenye pete, nikachukua tupu kutoka nyuma ya daftari, na nikaandika. Amos na Phoebe niliwaacha kama walivyokuwa. Kisha:

"Tirzah, nimejaribu miaka kumi na minne. Wenzake wananijia bila taabu. Huyu namtazama na moyo haufunguki. Nisamehe, Bwana. Asijue kamwe."

Ile ya kweli niliipeleka kwenye pipa la kuchomea taka nyuma ya ghala, saa nne asubuhi, theluji ikinifika vifundoni. Iliungua upesi, karatasi nzuri ile. Niliporudi Amos aliniuliza sita mara nane ni ngapi, nikamwambia arobaini na nane.

Kibanio nilikilegeza, kikashika kona tu. Jumapili baada ya chakula cha mchana Tirzah alilichukua daftari chumbani kwake, "kuandaa wiki", kama kawaida yake. Nilikuwa napiga pasi. Nilipiga pasi shati moja la Loren mara tatu.

Hakupiga kelele. Hakutoka mpaka jioni. Alipotoka alikuwa ameosha uso, na alilirudisha daftari mahali pake, kibanio kimekazwa sawasawa pale penye alama ya kutu.

Kesho yake alisoma ya siku bila madaha. Hakukuwa na kitu cha kughushi, si siku ile wala baadaye. Jioni, nilipokuwa nimesimama kando ya jiko, aliinuka akanivutia kiti.

"Kaa, Bi Gwen. Chakula kitapoa."

Loren alinitazama kwa furaha, karibu alie. Chumbani alinikumbatia. "Unaona? Nilikuambia atakuzoea. Maribeth alijua alichokuwa anafanya."

Na mimi nikakaa mezani, nikala moto. Nasema kweli yote: wiki ya kwanza kilikuwa kitamu.

Lakini mtoto yule hakuacha hapo. Alianza kuamka kabla yangu na kuwasha tanuri. Alifua, alisugua vigae. "Nikusaidie nini, Bi Gwen?" Ulimi wote ule ulikwenda wapi? Nilijaribu kumchokoza. Nikaunguza maharage makusudi; akala. Nikamwambia Kilatini chake hakifai hata kumfukuzia kuku, akasema, "Ndiyo, nitarudia." Siku yake ya kuzaliwa nilioka keki ya limau kama daftari lilivyoagiza, na kipande chake akampa Phoebe. Loren alipotaka twende sote makaburini na maua, alisema ana kazi.

"Kwa mama yako, Tirzah?"

"Nitamsumbua bure, Baba."

Machi, mwaka ulipotimia, nilikuwa chumba cha kufulia, mlango uko wazi. Phoebe alikuwa amekaa sakafuni jikoni na kalamu zake za rangi, dada yake anamenya viazi.

"Tirzah. Mama alikuwa ananipenda?"

"Wewe, ndiyo."

"Na Amos?"

"Na Amos."

Phoebe alisubiri. Mtoto wa miaka sita anajua kuhesabu hadi tatu. Kisu kiliendelea kumenya. Nilishika taulo yenye maji usoni mwangu na sikuweza kutoka mpaka walipoondoka.

Hata hivyo sikusema. Nilijiambia nitasema Jumapili. Jumapili zikapita. Tirzah alikuwa anakonda. Nguo zilimning'inia kama zimetundikwa. Wiki ya pili ya Aprili, kundi la Jumatatu, watoto walikuwa wanapasua vyura kwenye meza za chumba cha chini. Joleen Pratt alisikia kishindo. Tirzah alikuwa chini, kichwa kimegonga mguu wa meza, na nilipomnyanyua hakuwa na uzito hata wa Phoebe. Hospitali ya wilaya walimwekea maji ya mshipani siku mbili. Daktari, msichana mdogo, alituuliza mimi na Loren kama kuna jambo limetokea nyumbani.

"Mama yake alifariki," Loren akasema. "Mwaka jana."

Daktari alinigeukia mimi. Sikusema.

Nilisema siku tuliyomrudisha. Wadogo walikuwa kwa Bibi Vlasta. Nilimwomba Loren akae, nikamwomba Tirzah akae, nikaweka daftari katikati ya meza, na nikasema ule ukurasa wa maombi nimeuandika mimi.

Loren hakuwa anajua ukurasa gani. Ilibidi ausome hapo hapo. Niliona midomo yake ikifuata maneno, kisha akauweka chini polepole kama kitu cha moto.

"Sikuamini," Tirzah alisema. Hakuwa amekasirika. "Unasema hivyo kwa sababu nimeumwa. Daktari amekwambia useme."

"Ni mimi, Tirzah."

"Ni mwandiko wa Mama. Mimi naujua. Mimi nimeu—" Akanyamaza.

"Umeuiga. Najua. Mara kumi na saba."

Nikachukua kalamu. Nyuma ya bahasha ya hospitali niliandika jina lake, kisha *Jumatatu*, kisha saba yenye kistari, kwa mkono wa mama yake unaokufa. Mbele ya macho yao. Loren alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Tirzah aliivuta bahasha, akaitazama muda mrefu. Nilitegemea atanipiga. Badala yake alilivuta daftari, akafungua mbele.

"Hii?"

"Ni yake."

"Hii, ya unga wa kukanda?"

"Yake."

"Hii naijua, ni yangu. Hii?"

"Yake."

"Hii?" Ilikuwa ya wiki ya Pasaka: *Tirzah aimbe, ana sauti.* Nilijua ni ya Maribeth. Lakini nilikuwa nimechoka, na macho yalikuwa na machozi, na nikachelewa kidogo.

"Yake," nikasema.

"Umesita."

"Nilikuwa nafuta macho tu, ni yake, nakuapia."

"Unaniapia." Alifunga daftari. "Nilikuwa naandika yangu, najua yangu. Sasa na wewe unaweza kuandika kama yeye kuliko mimi. Basi ni lipi lake humu, Bi Gwen? Nionyeshe moja tu ambalo wewe hukuweza kuliandika."



"Alikuwa na miaka kumi na minne," Loren alisema hatimaye. "Wewe una karibu arobaini."

"Najua."

"Na uliponiona namwacha mtoto akuchezee hivyo, mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia, Loren. Nilisema jina lako mezani. Wewe ukatazama sahani."

Hilo pia lilikuwa kweli, na halikumsaidia mtu.

Hakunifukuza. Watu wa kanisani walidhani angefanya hivyo, na Joleen Pratt alikwisha kuanza kumletea vyakula vya kuoka. Lakini Phoebe alikuwa amenizoea na Amos alihitaji mtu wa kumkumbusha dawa, na Loren ni mtu wa kutengeneza kilichoharibika kuliko kununua kingine. Alihamia chumba cha wageni. Mpaka leo tunaongea kuhusu mvua, ng'ombe na watoto.

Tirzah alihamia kwa bibi yake, mjini, na Agosti akaandikishwa shule ya serikali, wa kwanza katika ukoo wao. Alikuja mara moja tu kuchukua nguo zake. Loren alikuwa shambani. Nadhani alichagua siku hiyo makusudi. Alijaza masanduku mawili, akayabeba mwenyewe mpaka barazani, kisha akarudi jikoni nilipokuwa.

"Ile uliyoichoma," alisema. "Ilisemaje?"

Nilikuwa nimeirudia moyoni kila siku. Nikamwambia: wewe ni yeye mwenyewe. Mkaidi, ulimi mkali, unapenda kuliko unavyoweza kubeba. Utamchukia atakayekuja. Apewe subira nawe, maana ukishapenda huachi.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Uso wake ulilegea kidogo, na niliona, au nilitaka kuona, kwamba linaingia.

"Sema tena."

Nikasema tena. Safari hii nilikuwa nalia, maneno yananitoka kwa kasi.

"Mara ya kwanza ulisema mkaidi," alisema. "Sasa umesema mbishi."

"Ni mkaidi. Aliandika mkaidi. Tirzah, nimeteleza tu."

"Sawa."

"Nikuandikie—" nikaanza, na neno likanifia mdomoni.

Aliniangalia kama mtu anavyoangalia kitu barabarani akiwa garini. Kisha akatoka, akaketi juu ya sanduku lake barazani, akamsubiri bibi yake.

Ana miaka ishirini na mmoja sasa. Anafanya kazi maabara ya hospitali moja huko Omaha, anapima damu za watu. Amos humtembelea, anasema anaendelea vizuri, ana rafiki wa kiume, haimbi kanisani. Phoebe aliomba kwenda shule ya mjini naye tukampeleka, kwa hiyo hakuna tena anayesomea nyumbani kwetu. Asubuhi kila mtu hujua pa kwenda bila kusomewa. Mimi nilirudi posta nusu siku, na barua zenye anwani zilizoandikwa kwa mkono siku hizi ni chache.